Thamani Tarajiwa ya Kisado cha Dagaa

Mwezi unapokuwa mpevu juu ya Ziwa Tanganyika, dagaa hupata likizo. Ziwa zima linang'aa, taa za wavuvi hazimdanganyi samaki yeyote, na hakuna mwenye akili timamu atakayechoma mafuta ya injini kwenda kuvua mbalamwezi. Basi wavuvi wa Katonga huvuta mitumbwi mchangani, hushona nyavu, hulala mchana bila aibu, na wakichoka kulala hukaa wakisubiri giza lirudi.

Mudathir wa Ujiji aliteremka pale asubuhi moja akitafuta chai ya mkopo. Chai hakuiona. Alichokiona ni wanaume wazima wasio na kazi, kila mmoja na kiroba cha dagaa pembeni, mgawo wake wa giza lililopita, wakipiga miayo mpaka unaona koromeo. Mtu mwingine angewahurumia. Mudathir machozi ya furaha yalimlenga, maana aliona biashara.

Tumjue kwanza, kwa heshima zote anazostahili. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na ushei, mashati yake yamenyooka kuliko ya mkuu wa idara, na ulimi wake ungeweza kumuuzia mvuvi maji ya ziwa. Aliwahi kumtoza afisa mmoja mgeni kodi ya chumba, na juu yake kodi ya dirisha linalotazama ziwa, kila moja na risiti yake. Afisa alilipa vizuri tu mpaka alipohamishwa, na siku ya kuondoka aliaga dirisha kwa uchungu.

Sasa Mudathir alikuwa na silaha mpya, tena alipewa bure. Mpangaji wa mama yake, Mwalimu Aikande, alikuwa mwalimu wa hisabati aliyeletwa Kigoma kutoka Upareni. Wiki moja kabla, Mudathir alimkuta kibarazani na pakiti ya karata, akiandaa somo.

"Mwalimu, na wewe unacheza kamari?"

"Nafundisha uwezekano," alisema Aikande. "Ukivuta karata moja humu, ukairudisha, ukavuta tena na tena, kila mara utapata nini kwa wastani? Unachukua kila zawadi, unaizidisha kwa uwezekano wake, unajumlisha zote. Jibu lake linaitwa thamani tarajiwa."

"Na ukishaijua?"

"Unajua mapema nani atalia mwishoni. Mvuto mmoja ni bahati, Mudathir. Mivuto mingi ni hesabu."

Kijana wa watu hakupata usingizi. Miaka yote alikuwa akihangaika na karata tatu, mchezo unaotaka vidole vyepesi na miguu myepesi zaidi. Kumbe upo wizi usiohitaji kuiba! Unakaa umenyoosha miguu, karata ziko wazi, mikono iko wazi, na mtu anakuletea mali yake mwenyewe huku akikushukuru kwa mchezo mzuri. Kesho yake alimbembeleza mwalimu amtungie mchezo mmoja wa kuchangamsha vijana wa mtaani, na mwalimu, ambaye hakuwahi kuombwa hesabu na mtu mzima tangu afike Ujiji, alimtungia kwa moyo mkunjufu.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Mtu analipa kisado kimoja cha dagaa, kile kindoo kidogo cha rangi ambacho soko zima linakitumia kupimia, kisha anavuta karata moja. Akipata ree, karata yenye alama moja, analipwa visado vitano. Akipata karata yenye sura ya mtu, iwe mfalme, bibi au ghulamu, analipwa viwili. Akipata nyingine yoyote, anapewa pole. Ree ziko nne, hivyo ni visado ishirini. Sura ziko kumi na mbili, hivyo ni ishirini na vinne. Kwa kila mivuto hamsini na miwili vinaingia visado hamsini na viwili, vinatoka arobaini na vinne. Vinane vinabaki kwa mwenye karata, na havina jasho hata tone.

Kilichokosekana ni mtaji. Na mtaji ulikuwa chumba cha nyuma, umeshonwa vizuri kwenye magunia manne.

Magunia hayo yalikuwa ya mama yake, Bi Mwanakheri. Mama huyu hauzi dagaa, anauza jina lake. Dagaa wake hukaushwa juu ya chanja za waya, hawagusi ardhi, na Mzee Gasper, mnunuzi kutoka Dar es Salaam, hupanda treni mpaka mwisho wa reli kwa ajili yake. Gasper alitarajiwa Ijumaa. Bi Mwanakheri naye alikuwa Kasulu kwenye harusi ya mpwa wake, na kabla ya kupanda basi alimshika mwanawe sikio.

"Mudathir, hayo magunia ndiyo riziki yangu ya mwaka. Nikirudi nikakuta yameguswa, nyumba hii utaitazama kwa nje."

"Mama, kweli unaweza kunifikiria hivyo?"

"Nimekuzaa," alisema mama, akaliachia sikio.

Mudathir alijiambia hataiba. Ataazima. Magunia yatakwenda kutembea Katonga, yatarudi na wenzao, mama hatajua kitu, na yeye atabaki na ziada. Jumanne asubuhi bajaji ilishusha gunia la kwanza pwani, na juu yake Mudathir akiwa na shati jeupe na pakiti ya karata.

"Hiyo ni kamari," alisema Yona, mvuvi mwenye kifua kipana na sauti ya besi anayoimbia kwaya kule Bangwe. "Mchungaji hataki."

"Kaka Yona, kamari ni ya hela. Unaona hela hapa? Hapa ni dagaa wanatembeleana."

Yona alikitazama kiroba chake. Kwa kadiri alivyokumbuka, maandiko hayakukataza dagaa kutembeleana. Akachota kisado, akavuta, akapata bibi, akarudishiwa viwili, na kelele zilizopigwa pale zilifika mpaka barabarani. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuhubiriwa. Walipanga foleni na viroba vyao. Anayeshinda alicheza ngoma, anayeshindwa alichekwa, akarudi nyuma ya foleni kwa hasira. Mudathir aligawa pole kwa ukarimu mkubwa. Wajinga ndio waliwao, alijisemea, lakini kwa upendo, maana kwa kweli aliwapenda sana siku ile.

Jioni alirudi Ujiji na gunia la mama likiwa zima, na viroba viwili vya nyongeza. Aliimba njia nzima. Dereva wa bajaji alimuuliza kama ameposa.

Jumatano alishusha magunia yote manne. Mtu mwenye hesabu anaogopa nini?

Ndipo akaja Marcelina.

Marcelina alikuwa mchuuzi mkubwa wa dagaa hapo Katonga, mwanamke wa mwili, kitenge cha kuumiza macho, na sauti iliyozoea kushindana na injini za mitumbwi. Wachuuzi wenzake walipomwona anakuja kununua walikuwa wanahesabu vidole vyao baada ya kupeana mikono.

"Shikamoo, mama yangu," alisema Mudathir akisimama.

"Marahaba, mwanangu. Nimeusikia mchezo wako, mzuri sana. Ila nina swali la kijinga. Kisado chako kinapimwaje?"

"Kisado ni kisado, mama."

Wanawake waliokuwa wakianika samaki jirani waliacha kazi, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Hapo ieleweke jambo moja. Jana yake Mudathir alicheza na wavuvi, na mvuvi anajua kuvua. Kupima ni kazi ya wanawake. Wale wanaume walichota tu, wakajaza, wakaendelea. Mudathir mwenyewe, amezaliwa Ujiji na kukuzwa kwa dagaa, hakuwahi hata siku moja kumpimia mtu.

"Hapa kwetu," alisema Marcelina, "mtu akitoa ushuru anafuta kwa kiganja, kisado kinakuwa sawa na mdomo. Lakini mtu akilipwa haki yake anapewa cha kilima. Sisemi uongo. Yona, nasema uongo?"

"Ego, ni hivyo," alisema Yona. "Tangu mababu."

"Sasa mimi kuvuta karata natoa ushuru. Nikishinda ni haki yangu. Au wewe mwanangu unataka kuibia watu wazima?"

Watu wote walimgeukia Mudathir. Yeye alifikiri upesi. Kilima ni nini? Ni dagaa wachache wa juu, nyongeza, chambo. Mvuvi gani anaonea uchungu chambo? Akaweka mkono kifuani.

"Mila ni mila, mama. Kutoa ni kufuta, kulipwa ni kilima. Naapa mbele ya wote."

Walimpigia makofi. Hakuna kitu kilichompendeza Mudathir kama makofi.

Marcelina akavuta, akapata mfalme, akaja kuchukua haki yake. Kwanza alijaza kisado mpaka mdomoni. Kisha akauzungusha mkono wa kushoto kwenye ukingo kama ua, akamimina. Akachomeka dagaa mmoja mmoja pembeni, vichwa ndani, mikia nje, akamimina tena katikati. Kisado kikaota kichwa, kichwa kikavaa kofia. Watu walishusha pumzi alipokinyanyua bila kudondosha hata mmoja.

"Fundi wewe," alisema Mudathir kwa dhati, maana alijua kuheshimu ustadi.

Mchezo ukachanganya. Marcelina aliita mashoga zake, mashoga wakaita mashemeji. Dau likapandishwa, mtu akaruhusiwa kuweka hata visado vitano kwa karata moja, na Mudathir ndiye aliyeruhusu. Walilipa kwa kufuta, wakalipwa kwa kilima. Gunia la kwanza lililala chali. La pili likafuata. Mudathir hakutishika. Alisimama juu ya ndoo akaita wapita njia.

"Karibuni, karibuni! Mvuto mmoja ni bahati, mivuto mingi ni hesabu! Wewe mzee wa baiskeli, unakwenda wapi? Njoo uvute!"

Na mzee wa baiskeli alikuja, akavuta ree.

Gunia la tatu lilipoanza kulegea, Mudathir alijitenga nyuma ya mtumbwi, akapiga simu.

"Mwalimu, napigwa."

"Umevuta mara ngapi?" aliuliza Aikande. Kelele za wanafunzi zilisikika nyuma yake.

"Mamia! Tangu asubuhi hatujapumzika."

"Basi una bahati mbaya, itajisawazisha. Hesabu haijakosea, nimeirudia mara mbili. Ongeza mivuto."

Mungu ambariki mwalimu, alisema alichokijua, na hakuna aliyemtajia kilima. Mudathir alirudi na imani mpya na kuongeza mivuto.

Alasiri lilibaki nusu gunia. Watu walikwenda kula, na Mudathir aliketi mchangani peke yake akitazama visado viwili vilivyoachwa kando: kimoja cha ushuru, bapa kama meza, na kimoja cha Marcelina, amekiacha kidogo akamwite mbebaji. Alivitazama kwa muda mrefu. Halafu, kwa sababu hakuwa na jingine la kufanya, alichukua ndoo tupu, akakwangua kilima cha Marcelina ndani yake, akafuta kwa kiganja. Kilijaa theluthi ya ndoo.

Theluthi! Akachukua kijiti, akaandika mchangani. Visado arobaini na vinne vya kulipa, na theluthi yake juu. Karibu hamsini na tisa vinatoka. Vinavyoingia ni hamsini na viwili, vilevile. Siku nzima alikuwa amesimama juu ya ndoo akiwabembeleza watu waje kumla, na aliyesitasita alimfuata na kumshika mkono.

Alilia. Si uongo, alilia kabisa, kamasi zikamtoka, maana aliiona sura ya mama yake na aliiona nyumba kwa nje. Kisha akajipangusa kwa mkono wa shati, akafuta hesabu yake mchangani kwa mguu, na taratibu tabasamu likamrudia. Mila ni mila, aliapa mbele ya wote. Lakini si yeye peke yake aliyefungwa nayo.

Alhamisi asubuhi alimfuata Marcelina bandani kwake, akiburuta miguu kwa huzuni ya kupendeza.

"Mama yangu, nimechoka. Kiti cha kugawa karata kinataka mtu mwenye nyota. Hebu fikiria, katika karata hamsini na mbili, thelathini na sita ni pole tupu. Thelathini na sita! Watu wanakuletea mali, unawapa pole. Mimi nina mkosi tu. Ningekuwa wewe, ningekuwa tajiri."

Marcelina aliacha kufunga kitenge. "Unakiuza?"

"Kwa kisado kimoja tu. Na mimi nitacheza na hiki kinusu changu, nijifariji."

"Na kanuni?"

"Zilezile. Kutoa ni kufuta, kulipwa ni kilima. Si ulisema ni tangu mababu?"

Marcelina alimkazia macho. Mudathir aliona hesabu inazunguka nyuma ya macho yake, akaomba dua zote anazozijua. Yule mama aliyatazama magunia ya Bi Mwanakheri yaliyopangwa ndani ya banda lake, maana jana usiku alinunua ushindi wa wenzake wote, kisha akayatazama magunia yake mwenyewe nje, kisha akamtazama Mudathir kwa huruma iliyokaribia kuwa ya kweli.

"Haya. Lakini nitakuwa nalipa kutoka kwenye magunia yangu haya ya nje. Hayo ya ndani yamekwisha pangwa, mgongo unaniuma."

"Lipa kutoka popote, mama yangu. Kisado ni kisado."

Na Alhamisi ile, wapenzi wasomaji, ilikuwa sikukuu. Mudathir aliweka mara viwili, mara vitano. Alifuta kwa kiganja mpaka dagaa wa ushuru wakaonekana wamenyolewa. Akishinda, alipiga magoti mbele ya ndoo, akazungusha mkono wa kushoto, akachomeka mikia, akajenga kilima juu ya kilima. Usiku kucha alikuwa amejifunza kwa kunde jikoni. Wanawake wa Katonga walimzunguka wakimpa ushauri.

"Hapo pembeni pana nafasi, mdogo wangu! Usimwonee haya!"

"Yewe, huyu kijana anapima kama ameolewa hapa!"

Alasiri alivuta ree kwa dau la visado vitano, visado ishirini na vitano vya kilima kwa mkupuo, na Yona mwenyewe akamwimbia haleluya kwa sauti ya besi. Marcelina alijishika kichwa.

"Nimekwisha! Jamani nimekwisha! Huyu mtoto amekuja kunizika!"

Alilia kwa sauti nzuri, yenye kupanda na kushuka, na alipomaliza kulia alileta gunia jingine. Mudathir alikaribia kumwonea huruma. Gunia la nne liliposhonwa, pamoja na kiroba cha ziada, alimshika mkono kwa heshima.

"Mama yangu, ndiyo dunia. Leo kwako, kesho kwangu."

"Ni kweli, mwanangu," alisema Marcelina akijifuta uso. "Nenda salama. Mama yako msalimie."

Bajaji ilikwenda Ujiji ikiwa imelala upande mmoja kwa uzito. Mudathir alikaa juu ya mzigo akipungia watu asiowajua. Alikuwa amemshinda Marcelina wa Katonga, kwa hesabu ya kidato cha sita na kilima cha mababu! Aliyapanga magunia chumba cha nyuma palepale yalipokuwa, akafagia nyayo zake, akaoga, akalala usingizi wa mtoto.

Ijumaa baada ya swala Bi Mwanakheri alifika na hina mkononi. Hakupumzika. Alifungua chumba cha nyuma, akaona magunia manne, akamgeukia mwanawe na macho yakalainika.

"Hujayagusa."

"Mama," alisema Mudathir, akaweka mkono kifuani, maana kwa dakika ile aliamini kweli hakuyagusa.

Mzee Gasper alikuja saa kumi. Ni mzee mpole asiye na haraka, na hununua kwa namna moja tu: hafungui gunia juu. Alikata mshono wa chini, akaingiza mkono mpaka kiwiko, akautoa umejaa, akaupeleka mlangoni kwenye mwanga. Akachukua dagaa mmoja, akamtafuna. Pale chumbani kila mtu alisikia mchanga ukisagika.

Gasper alitema nje kwa adabu. Akakung'uta kiganja, na mchanga wa Katonga ukamwagika sakafuni, mweupe na mwembamba.

"Bi Mwanakheri, hawa wamelazwa chini."

"Wangu hawalali chini!"

"Najua. Ndiyo maana nashangaa." Alikata la pili, la tatu na la nne, na kila moja lilikuwa na ufukwe wake. "Basi, dada yangu, biashara ina siku zake. Na leo asubuhi nilipigiwa simu na mama mmoja wa Katonga. Anasema ana magunia matatu na nusu ya dagaa wa chanja, safi ajabu, hata hajui ameyapataje. Nilikataa kwa sababu yako. Sasa itabidi nikamwone."

Akaaga, akaondoka na mwavuli wake.

Mudathir alisimama palepale. Alhamisi nzima ilipita mbele ya macho yake: mkono wake wa kushoto, mikia inachomekwa, ndoo inanyanyuliwa. Alikuwa akitazama urefu wa kilima. Hakuna hata mara moja alipotazama kilima kimejengwa na nini. Alikumbuka kilio cha Marcelina, na sasa alisikia vizuri kwamba yule mama alikuwa akicheka.

Mwalimu Aikande alipita uani na rundo la madaftari. "Mudathir! Ule mchezo wa vijana uliishaje? Si nilikwambia itajisawazisha?"

Bi Mwanakheri aliinama, akaokota dagaa mmoja sakafuni, akampuliza mchanga, akamweka kwenye kiganja chenye hina.

"Mudathir. Dagaa wangu wako wapi?"

Ule ulimi uliokodisha dirisha na kuhalalisha kamari ulitafuta neno kila kona ya mdomo. Haukupata hata moja la kujisitiri nalo.

"Wamehamia Katonga, mama."

"Basi wafuate," alisema Bi Mwanakheri, akamtoa nje kwa mkono wake mwenyewe na kushusha komeo.